Tairi Pana juu ya Rimu Nyembamba: Nani Atalipa?



Katika mikutano ya tawi letu neno moja limekuwa likirudi mara kwa mara, nalo ni neno la tairi. Wanachama wanaokaa Waithaka, Kabiria, Mutuini na Riruta wametueleza kwamba pikapu zinazowachukua asubuhi kwenda kazini zimevalishwa matairi mapana kuliko yale yaliyotoka nayo kiwandani, na rimu zimebaki zile zile za zamani. Wengine wamefurahi, wakisema gari sasa limekuwa na nguvu. Wengine wanasema gari linayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Na dereva mmoja amekatwa mshahara kwa ajili ya tairi lililopasuka njiani, tairi ambalo hakulichagua yeye wala hakulinunua yeye.

Basi tumeona si haki gazeti hili likae kimya. Jambo lenyewe laonekana dogo, kama jambo la fundi wa pancha tu. Lakini ndani yake mna maisha ya watu kumi au zaidi wanaokaa nyuma ya pikapu moja, na mna swali la kale ambalo chama chetu kiliundwa kulijibu: mwenye mali akikosea, nani atalipa?

Kwanza tuelewe vitu vyenyewe, maana mtu asiyejua kusoma tairi atadanganywa kila siku.

Kila tairi limeandikwa ubavuni. Ukiona 205/70R15, maana yake ni hii. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 70 ya ule upana. Herufi R yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wengi wetu tunasoma ile namba ya mwisho tu. Tairi ni 15, rimu ni 15, basi fundi anafunga, anatia upepo, gari linaondoka. Hapo ndipo kosa linapoingia, kwa sababu rimu ina vipimo viwili: kuna kipenyo na kuna upana. Rimu mbili zaweza kuwa za inchi 15 zote, na moja ikawa na upana wa inchi 5 na nusu, na ya pili inchi 8. Upana huo umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe, kwa mfano 5½J au 6J. Futa matope kwa kitambaa utauona.

Sasa viwanda vya tairi vimekubaliana, kila tairi na rimu zake. Tairi la 205/70R15 lakubali rimu ya upana wa inchi 5 hadi 7. Tairi la 235/75R15 lataka inchi 6 hadi 8. Tairi la 265/70R16 lataka inchi 7 hadi 9. Na lile tairi kubwa ambalo vijana hulipenda sana, 31x10.50R15, nalo lataka inchi 7 hadi 9. Basi pikapu yenye rimu ya inchi 5 na nusu yaweza kuvaa lile la kwanza bila shida. La pili limeshapita kipimo. Na lile la 31 limepita kipimo mbali kabisa: tairi lina upana wa inchi 10 na nusu, chuma kilicholishika kina inchi 5 na nusu, na inchi 5 zilizobaki zimening'inia nje, huku na huku. Wazee wetu walisema kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Walisema kwa habari ya vyeo, lakini ukisimama kando ya Naivasha Road jioni utaona kilemba chenyewe kinapita juu ya magurudumu manne.

Mtu atauliza: kama limeingia na limeshika upepo, ubaya uko wapi? Ubaya uko katika mambo manne, nasi tutayataja moja moja.

La kwanza ni kuyumba. Tairi hushika rimu kwa ukingo wake wa ndani, ule wenye waya za chuma. Rimu ikiwa nyembamba, kingo mbili za tairi huvutwa karibu karibu, na ubavu hufura kama mfuko wa unga uliofungwa mdomo. Dereva akikata kona, rimu inakwenda upande mmoja, na uso wa tairi unachelewa kuifuata kwa sababu ubavu ule laini umekunjika kwanza. Ndiyo sababu gari linayumba. Upepo ukipungua, na kona ikiwa kali, na mzigo ukiwa mzito, ukingo waweza kutoka kabisa katika rimu, na upepo wote ukatoka mara moja. Hilo silo jambo la kutengeneza kwa kiraka. Gari limekwisha pinduka.

La pili ni kulika katikati. Kingo zikivutwa, uso wa tairi haulali sawasawa tena. Unakuwa na mgongo kama mgongo wa ng'ombe. Unalipia upana wote dukani, lakini kinachokanyaga lami kwa nguvu ni kipande cha katikati tu. Meno ya katikati yanakwisha, ya pembeni yangali mapya. Mwenye gari anaona tairi lina meno, kumbe mahali panapofanya kazi pamebaki ngozi. Wakati wa mvua gari la namna hiyo hushika breki kwa imani tu.

La tatu ni joto. Adui mkubwa wa tairi ni joto, na joto latokana na kukunjika kwa ubavu. Kila mzunguko ubavu wakunjika na kukunjuka. Ukizidisha mzigo unakunjika zaidi. Ukipunguza upepo unakunjika zaidi. Ukiufurisha kwa kuufunga kwenye rimu nyembamba unakunjika kwa namna ambayo aliyeutengeneza hakuikusudia. Tairi haliungui siku ile ile. Linavumilia wiki, linavumilia miezi, mpaka siku moja ya jua kali mtu yuko njiani kushuka Mai Mahiu na mzigo, nyuzi zinaachana. Na wengine hutia tyubu ndogo ndani ya tairi kubwa ili kuokoa shilingi kidogo. Tyubu hiyo hunyooka mpaka inakuwa nyembamba kama puto la mtoto.

La nne ni udanganyifu wa mwendo. Geji ya mwendo ya gari haijui umbali wa barabara. Inajua kuhesabu mizunguko tu. Tairi la 205/70R15 lina kimo cha milimita 668 hivi. Tairi la 235/75R15 lina kimo cha milimita 733 hivi. Maana yake kila mzunguko wa lile kubwa wakupeleka mbele zaidi, karibu sehemu moja kwa kumi. Geji ikionyesha 80, wewe unakimbia 88. Ukifunga lile la 31, geji ikionyesha 80 wewe umepita 90. Sasa tukumbuke kanuni za 2003 zilizoletwa na Waziri John Michuki, zilizoanza kushikwa kwa nguvu mwanzoni mwa 2004, zikataka magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachohesabu mizunguko hudanganywa vile vile. Dereva anashikwa na polisi, naye anaapa kwa jina la mama yake kwamba hakupita 80. Anasema kweli, na bado ana hatia. Tena tairi lile refu ni mzigo kwa breki: breki ni ile ile iliyopimwa kwa gurudumu dogo, na sasa inaambiwa isimamishe gurudumu kubwa na zito.

Hayo ndiyo manne. Lakini liko neno moja tunalotaka kila mwanachama alishike kuliko yote, nalo ni hili: upana si nguvu. Watu wengi wanafikiri tairi likiwa nene litabeba zaidi. Hebu soma ubavuni tena. Baada ya vipimo vya upana kuna namba nyingine, kwa mfano 106/104R. Namba hizo ni za uzito. Katika jedwali la viwanda 104 ni kilo 900, 105 ni kilo 925, 106 ni kilo 950, na 112 ni kilo 1,120, kwa kila tairi moja. Ile ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, ya pili ni ya matairi mawili yanayokaa pamoja upande mmoja. Sasa tairi jembamba la kazi, 205/70R15 lenye herufi C mwishoni, kwa kawaida limeandikwa 106/104. Nalo tairi pana la 235/75R15 la gari la starehe mara nyingi limeandikwa 105. Jembamba labeba kilo 950. Pana labeba 925! Mwenye pikapu ametoa fedha nyingi zaidi ili abebe kidogo zaidi. Na hizo kilo 925 zenyewe kiwanda kimeziahidi kwa tairi lililofungwa kwenye rimu yake na kutiwa upepo wake. Ukilifunga kwenye rimu isiyo yake, ile ahadi imekufa, hata kama maandishi yangali pale ubavuni.

Na tena, yule ambaye haamini atazame pikapu za Toyota Land Cruiser zile za namba 70, ambazo serikali, mashirika na wachungaji wamezitumia kwa miaka mingi mpaka Turkana na Marsabit. Nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 7.50R16 juu ya rimu ya inchi 5 na nusu. Tairi hilo ni refu na jembamba, halina fahari yoyote. Lakini limebeba mahindi, mawe, wagonjwa na askari mahali ambapo hakuna barabara. Nguvu yake iko katika nyuzi zake na katika rimu inayolifaa.

Sisi watu wa reli tungekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana kazi yetu yote ni kazi ya kipimo. Gurudumu la behewa la zamani nalo lilikuwa na tairi, tairi la chuma. Mafundi walilichonga tundu lake dogo kidogo kuliko gurudumu lenyewe, wakalitia moto mpaka likapanuka, wakalivika, nalo likipoa likashika kwa nguvu isiyotaka msumari. Likizidi kidogo tu, litalegea njiani. Likipungua, litapasuka. Hakuna fundi aliyesema, "Funga tu, litashika."

Na tazama reli zetu zenyewe leo. Njia ya zamani, iliyofika Nairobi 1899 na inayopita Dagoretti kwenda Kikuyu, ina upana wa milimita 1,000. Njia mpya ya SGR, iliyofunguliwa kutoka Nairobi mpaka Naivasha 2019, ina upana wa milimita 1,435. Zote ni reli, zote ni chuma, zote ziko Kenya. Lakini behewa la njia moja haliwezi kukanyaga njia ya pili, na mzigo wa kwenda mbele hauna budi kuhamishwa Naivasha. Ni taabu na ni gharama, na kila mtu ameikubali, kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na milimita 435. Mbona basi kwa gari la barabara tunafikiri milimita ni mambo ya mapambo?

Wale wenye magari wana majibu yao, nasi tunataka kuyasikiliza kwa haki.

Jibu la kwanza ni matope. Wanasema barabara za ndani za Waithaka na Ruthimitu wakati wa masika ni udongo mwekundu mtupu, na tairi pana halizami. Neno hili lina ukweli nusu. Katika mchanga mlaini tairi pana husaidia, linaelea juu. Lakini udongo wetu mwekundu si mchanga. Juu pana utelezi, chini yake pana ardhi ngumu. Tairi jembamba lenye meno mazuri hukata ule utelezi likafika chini likashika. Tairi pana huogelea juu ya matope, na gari linakwenda kando kando mpaka shimoni. Yeyote aliyesukuma pikapu kutoka mtaroni mwezi wa nne anajua tunasema nini.

Jibu la pili ni bei. Wanasema tairi pana lililotumika laweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko jembamba jipya. Ni kweli, na twajua mifuko ilivyo. Lakini hesabu haiishii siku ya kununua. Tairi linalolika katikati halimalizi nusu ya maisha yake. Gari linakula mafuta zaidi. Beringi na usukani vinachoka mapema. Madigadi inakwaruzwa kila usukani unapokatwa mpaka mwisho. Rahisi huwa ghali. Na anayenunua tairi lililotumika atazame umri wake: kuna namba nne mwisho wa chapa ile inayoanza na DOT. Ikiwa ni 2314, tairi limetengenezwa juma la 23 la 2014. Meno yaweza kuwa mazuri na mpira ukawa umekufa.

Jibu la tatu ni urembo, nalo hatutalijibu kwa maneno mengi. Mtu akitaka kurembesha gari lake mwenyewe la kwenda kanisani, anunue na rimu za kufaa, ahakikishe nati zake ndizo, rimu haikutokeza nje kupita kiasi, na tairi haligusi madigadi wala springi. Ni fedha zake. Lakini gari linalobeba wafanya kazi si kanga ya harusi.

Sasa tuje kwenye neno la nani atalipa.

Mambo huenda hivi. Mwenye gari anaamua. Fundi wa tairi anaambiwa, "Funga tu." Dereva anaambiwa, "Endesha tu." Wafanya kazi wanaambiwa, "Pandeni tu, saa imefika." Siku mambo yakiharibika, mwenye gari hayumo ndani ya gari. Waliomo ni dereva, na tanboi, na genge lililokaa juu ya sururu na majembe. Na wakipona, siku ya mshahara dereva anakuta tairi limeandikwa katika hesabu yake.

Hapo, ndugu, sheria imesema, nasi tunataka kila mmoja ajue ilivyosema. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu ambapo mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi, na hata hapo akate kiasi cha haki. Tairi lililopasuka kwa sababu lilifungwa kwenye rimu isiyo yake halikuharibiwa na dereva kwa kusudi. Mwajiri akikata mshahara kwa tairi la namna hiyo anavunja sheria, na mwanachama alete karatasi yake ya mshahara kwa mjumbe wa chama siku hiyo hiyo.

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inasema mfanya kazi akiona jambo ambalo kwa sababu za maana anaamini lina hatari kubwa, amwarifu msimamizi wake mara moja; na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pa hatari hiyo mpaka ametengeneza. Watu wengi wanafikiri kukataa gari bovu ni uvivu au ni kiburi. Sheria inasema kutoa habari ni wajibu.

Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inahesabu safari ya kwenda kazini au kurudi kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo kuwa ni sehemu ya kazi. Aliyeumia nyuma ya pikapu ya mwajiri asubuhi, kabla hajashika jembe, ameumia kazini. Asikubali kuambiwa kwamba alikuwa abiria tu.

Mwisho, Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, haimshiki dereva peke yake. Inamshika pia anayeruhusu gari bovu liende barabarani. Kwa hiyo mwenye gari anayesema "endesha tu" ajue kwamba jina lake nalo linaweza kuandikwa.

Kwa sababu hizo tawi letu linataka mambo haya:

1. Kila gari linalobeba wafanya kazi lipimwe. Maandishi ya tairi na chapa ya rimu yaandikwe katika daftari la gari, na mjumbe wa chama aruhusiwe kulisoma.

2. Mwajiri akitaka matairi mapana, anunue na rimu za upana unaotakiwa. Asipotaka kununua rimu, arudishe matairi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni au katika kitabu cha gari.

3. Geji ya upepo iwemo ndani ya kila gari, na dereva apewe dakika za kupima asubuhi matairi yangali baridi. Kupiga tairi teke si kupima.

4. Dereva asikatwe mshahara kwa tairi ambalo hakulichagua.

5. Dereva au mfanya kazi atakayetoa habari ya tairi baya asihamishwe kazi, wala asiitwe mchochezi.

Nasi kwa upande wetu tuna wajibu. Anayetoa habari aandike. Neno la mdomo hupotea. Andika tarehe, namba ya gari, maandishi ya matairi yote manne na la akiba, na chapa ya rimu. Andika maneno machache: "Tairi hili halifai rimu hii, naomba litazamwe." Mpe msimamizi, baki na nakala, na nyingine mpe mjumbe. Siku ya shauri karatasi hiyo ina thamani kuliko mashahidi ishirini waliokumbuka kila mmoja kwa namna yake.

Tena tuseme neno kwa wanachama wenye pikapu zao wenyewe, wanaochukua nyama kutoka machinjio ya Dagoretti, nyasi za ng'ombe, mchanga na mboga za Wakulima. Ninyi ni wanachama asubuhi na ni waajiri jioni. Kijana anayekaa juu ya mzigo wenu naye ni mfanya kazi, na mama yake anamngoja. Hatuwezi kumpigia kelele mwajiri mkubwa kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunalifanya Jumamosi.

Na kwa vijana wa tairi walio kando ya barabara kutoka Dagoretti Corner mpaka sokoni: hatuwalaumu. Twajua mnalala njaa mkikataa kazi, na hamna chama cha kuwatetea. Lakini ninyi ndio wa kwanza kuona ule ubavu uliofura. Mwambieni mwenye gari kabla hamjafunga, na mwambieni mbele ya dereva wake, ili awepo aliyesikia. Na msikubali kuulazimisha ukingo ukae kwa kumwaga petroli na kuwasha kiberiti, wala kutia upepo kwenye rimu ya pete mkiwa mmeinama juu yake. Pete ikiruka haichagui mtu. Mkitaka kuja kuzungumza nasi juu ya kuwa na umoja wenu, mlango wa tawi u wazi.

Tulipokuwa watoto katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba mtu hatii kiraka kipya katika vazi kuukuu, maana kitalichana zaidi. Mwalimu alikuwa na maana ya rohoni. Lakini fundi yeyote, wa nguo au wa gari, ajua kwamba ni kweli hata kwa mikono: kitu kizuri kikiwekwa mahali kisipofaa huharibu chenyewe na huharibu kilichokishika.

Basi, ndugu, kazi ya juma hili ni nyepesi, haitaki fedha. Kabla hamjapanda gari kesho, kila mmoja ainame asome. Tairi linasemaje? Rimu inasemaje? Upepo ni paundi ngapi? Mkutano ujao wa tawi kila kundi lilete karatasi yake yenye namba hizo, nasi tutazipanga pamoja na kuzipeleka kwa waajiri kwa barua moja. Barua ya mtu mmoja hutupwa chini ya meza. Barua yenye namba za magari yote husomwa.

Umoja ni nguvu.

Mhariri